Ndugu Aliye Ndani na Kazi ya Walio Nje

Mtu akifungwa, hukumu hutaja jina lake peke yake, lakini uzito wake huiangukia nyumba nzima. Ada ya shule hukosa mlipaji, shamba hukosa mkono, na mama mzee hupanda basi alfajiri na kikapu chenye sabuni na dawa ya meno, akienda mahali ambapo hakuwahi kufikiri kwamba angefika. Kubaki karibu na ndugu aliye ndani ni kazi yenye taratibu zake. Familia nyingi huzijua taratibu hizo baada ya kupoteza pesa na muda, na wakati mwingine baada ya kumpoteza mtu mwenyewe. Tanzania Bara na Kenya zilirithi sheria za magereza kutoka kwa mtawala mmoja, Mwingereza, kwa hiyo mambo mengi yanafanana pande zote mbili za mpaka. Zanzibar ina idara yake, Vyuo vya Mafunzo, isiyo chini ya Jeshi la Magereza la Bara, na familia ya visiwani huanzia huko.

Jambo la kwanza ni kujua ndugu yuko katika hatua gani. Aliyekamatwa na kushikiliwa kituoni yuko mikononi mwa polisi, na sheria za nchi zote mbili zinataka afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Kenya, kama saa hizo zinaishia siku isiyo ya mahakama, basi siku ya mahakama inayofuata. Aliyepelekwa rumande ni mahabusu: kesi yake haijaamuliwa, na mbele ya sheria bado hana hatia. Aliyehukumiwa ndiye mfungwa. Nyumbani husemwa tu kwamba "yuko jela", lakini tofauti hiyo ndiyo inayoamua avae nini, ale nini, aonwe mara ngapi, na maombi yake yapelekwe kwa nani.

Siku za kituoni ndizo zenye kiwewe zaidi, na ndizo zinazohitaji utulivu zaidi. Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 49, inampa aliyekamatwa haki ya kuwasiliana na wakili na watu wengine ambao anahitaji msaada wao. Ndugu anayefika kituoni aulize kosa linalotajwa, jina la mpelelezi, namba ya jalada (Kenya huitwa namba ya OB), mahakama na siku ya kufikishwa huko. Majibu yote yaandikwe kwenye daftari moja, tangu siku hiyo ya kwanza. Kesi ikienda miaka, daftari hilo litakuwa na thamani kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote, kwa sababu wapelelezi huhamishwa, mahakimu hubadilishwa, na ndugu waliokuwa wakifuatilia huchoka au hufariki.

Dhamana si bei ya kuachiliwa. Pale fedha taslimu zinapowekwa, hiyo ni amana inayorudishwa kesi ikiisha kama mshtakiwa amehudhuria, na risiti ya serikali lazima itolewe. Mtu anayejitokeza nje ya kituo au nje ya mahakama akisema "anamjua mkubwa" na anataka pesa mkononi bila karatasi, anauza kitu kisicho chake. Pesa zilizopotea kwa watu wa namna hiyo ndizo zingemlipa wakili. Wadhamini huja na nyaraka: Tanzania ni kitambulisho na barua ya utambulisho kutoka serikali ya mtaa au kijiji, Kenya ni kitambulisho na mara nyingi barua ya chifu, hati ya shamba au karatasi ya mshahara. Wakiandaliwa mapema, ndugu anaweza kulala nyumbani usiku huo badala ya kupanda karandinga. Makosa hayako sawa mbele ya dhamana. Kenya, kila kosa lina dhamana isipokuwa mahakama ione sababu nzito ya kuikataa. Tanzania, kesi za mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha hazina dhamana, na mahabusu wa kesi za mauaji wameweza kusubiri miaka kabla ya kusikilizwa Mahakama Kuu. Familia yenye kesi ya aina hiyo ijipange kwa safari ndefu tangu mwanzo: isiuze kila kitu mwezi wa kwanza.

Akifika gerezani, ndugu huandikishwa na kupewa namba. Namba hiyo, pamoja na jina kamili kama lilivyoandikwa mahakamani, ndiyo ufunguo wa kila kitu: barua, ziara, fedha, rufaa. Mtaani anaweza kuwa anajulikana kwa jina la utani au kwa jina la mwanawe wa kwanza, lakini langoni hakuna anayemjua kwa majina hayo. Mfungwa pia huhamishwa, kutoka Segerea kwenda Ukonga, au kutoka Shimo la Tewa kwenda Manyani, na ndugu wakajua baada ya kusafiri bure. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizopitishwa kwanza mwaka 1955, zikarekebishwa mwaka 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema mfungwa apewe nafasi ya kuwaarifu watu wake mara moja anapofungwa, anapohamishwa, na anapougua sana au kuumia. Zinasema pia kwamba kadiri inavyowezekana afungwe karibu na nyumbani. Ombi la kurudishwa karibu huandikwa kwa mkuu wa gereza, na hupata nguvu likieleza sababu inayoonekana: mzazi mgonjwa, watoto wadogo, umbali na nauli. Halikubaliwi kila mara, ila lisiloandikwa halikubaliwi kamwe.

Kila gereza lina siku na saa zake za kuonana, na mahabusu kwa kawaida huonwa mara nyingi zaidi kuliko wafungwa. Kabla ya kufunga safari ni vyema kupata uhakika kutoka gerezani kwenyewe. Mgeni huja na kitambulisho, hukaguliwa, huacha simu langoni, na huvaa nguo za heshima. Mavazi yanayofanana na sare za askari humletea usumbufu. Kisha husubiri, pengine nusu siku, kwa mazungumzo ya dakika chache. Mara nyingi watu huongea kupitia wavu, kila mmoja akipaza sauti juu ya sauti ya jirani, na askari amesimama karibu. Mazungumzo ya mfungwa na wakili wake ni jambo jingine: askari anaweza kuwaona, lakini hatakiwi kuwasikia. Kwa hiyo undani wa kesi na ushahidi huachiwa wakili. Ndugu wasiuzungumze kwenye wavu.

Kwa kuwa dakika ni chache, wanaofaidika ni wale wanaofika wakijua watasema nini. Familia zenye uzoefu huandika mambo matatu au manne pembeni ya daftari: habari moja ya nyumbani, swali moja la afya, jambo moja linalohitaji uamuzi wake. Uamuzi ni muhimu. Asiyekuwapo na lake halipo, na mfungwa hulijua hilo kuliko mtu mwingine yeyote. Husikia kwamba kiwanja kimeuzwa, kwamba binti amechumbiwa, kwamba ng'ombe wamegawanywa, yote bila yeye kuulizwa. Baba aliyeulizwa shule gani mtoto aende bado ni baba. Pale saini yake inapohitajika, kwa mfano kumruhusu mke kushughulikia akaunti au shamba, wakili anaweza kwenda gerezani na hati ya uwakilishi na kushuhudia akitia saini, ili mambo ya nyumba yasikwame wala yasifanyike kwa kughushi.

Kizuri zaidi katika ziara ni mwendelezo wake. Ndugu mmoja anayekuja kila mwezi ana faida kuliko kumi wanaokuja siku moja na kupotea mwaka mzima. Ukoo unaweza kugawana zamu, huyu mwezi huu, yule ujao, na wasio na nafasi wakachangia nauli. Lililo baya kuliko kutokwenda ni kuahidi na kutokwenda. Aliye ndani hana kazi nyingi za kumsahaulisha. Husubiri jina lake liitwe tangu asubuhi, na jioni hurudi kwenye chumba chenye watu wengi akiwa ameona wengine wote wakiitwa. Anayejua hataweza kuja aseme mapema, hata kwa ujumbe wa mgeni wa mfungwa mwingine.

Idara ya magereza ya jimbo la Minnesota, Marekani, ilifuatilia zaidi ya watu 16,000 walioachiwa kati ya mwaka 2003 na 2007, na mwaka 2011 ikatoa matokeo: waliotembelewa walikuwa na uwezekano mdogo kwa asilimia 13 wa kutiwa hatiani tena kwa kosa kubwa. Magereza ya huko si ya huku, lakini jambo moja katika matokeo hayo linastahili kuangaliwa hapa. Miongoni mwa wageni walioleta faida kubwa walikuwa kaka na dada, wakwe na mashemeji, baba, na viongozi wa dini. Kwetu kazi hii huachiwa mama na mke. Baba hukaa nyumbani kwa aibu au hasira, na mashemeji hujitenga. Hao wanaojitenga wana nafasi ambayo mama hawezi kuijaza.

Barua ina faida ambayo ziara haina: husomwa tena na tena. Barua za kawaida hufunguliwa na kusomwa na maofisa, hivyo Kiswahili chepesi na mwandiko unaosomeka huzifanya zipite haraka kuliko kilugha ambacho hakuna ofisa wa zamu anayekielewa. Tarehe, jina kamili na namba ya mfungwa, na anwani ya anayeandika viwepo. Pesa zisiwekwe ndani ya bahasha. Wengi hukwama kwa kudhani barua ni lazima iwe na jambo kubwa. Aliye ndani anataka hasa madogo: mvua zimeanza lini, mbuzi amezaa wangapi, nani amehamia nyumba ya jirani, mtoto amepanda darasa gani na anamwogopa mwalimu yupi. Habari za namna hiyo humfanya aendelee kuishi mtaani kwake, ili siku akirudi asiwe mgeni.

Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o alipowekwa kizuizini katika gereza la Kamiti, Kenya, kuanzia mwisho wa 1977 hadi mwisho wa 1978, binti yake alizaliwa yeye akiwa ndani, na akamfahamu kwa picha iliyokuja kwa posta. Alikuwa amekataa kufungwa minyororo kama sharti la kuonana na familia yake, kwa hiyo posta ndiyo iliyobaki. Abdilatif Abdalla, mfungwa wa kisiasa kuanzia 1969 hadi 1972, aliandika kwenye karatasi za chooni mashairi yaliyochapishwa mwaka 1973 kwa jina la Sauti ya Dhiki. Wafungwa wengi hawatakuwa waandishi, lakini daftari na kalamu, pale vinapokubaliwa, ni zawadi inayozidi thamani yake dukani.

Simu ni jambo la kuwa nalo macho. Simu ya mkononi ni kitu kilichokatazwa gerezani, na anayeiingiza, awe ndugu au askari, anatenda kosa. Pale magereza yanaporuhusu mawasiliano ya simu, hufanyika kwa simu rasmi, kwa zamu na chini ya usimamizi. Kwa hiyo simu inayoingia usiku kutoka namba ngeni ikisema ndugu amepigwa, amelazwa, au jina lake limeingia kwenye orodha ya msamaha na "inatakiwa pesa ya faili", ichukuliwe kuwa ni ulaghai mpaka ithibitishwe. Wakenya wamewahi kulia sana na matapeli wanaopiga simu kutoka ndani ya kuta za magereza. Dawa ni kukata simu, kulala, na asubuhi kwenda gerezani au kumpigia ofisa anayejulikana. Msamaha wa Rais hauuzwi. Janga la korona lilionyesha namna familia zinavyotegemea kuonana ana kwa ana: Machi 2020 Kenya ilisimamisha ziara magerezani, na walioendelea kuwasiliana vizuri ni wale ambao tayari walikuwa na mazoea ya barua na waliofahamiana na ofisa wa ustawi au kiongozi wa dini wa gereza.

Vitu vinavyohitajika ni vya kawaida: sabuni, mswaki, dawa ya meno, mafuta ya kujipaka, nguo za ndani, ndala, na kwa wanawake pedi. Mahabusu anaweza kuruhusiwa kuvaa nguo zake na kupokea chakula cha nyumbani. Chakula hicho hukaguliwa, na mara nyingi mletaji huombwa kukionja. Magereza mengine hukataa chochote kilichopikwa, na mfungwa aliyehukumiwa kwa kawaida hula cha gereza. Fedha huachwa kwa ofisa anayehusika, huandikwa, na risiti huchukuliwa. Ndugu asimpelekee mfungwa zaidi ya anachohitaji. Vitu vingi huvuta wadai na wanyang'anyi ndani, na familia inayojinyima chakula ili aliye ndani aonekane tajiri haimsaidii yeyote. Ombi la kuingiza kitu kilichokatazwa, hata likija na machozi, hukataliwa waziwazi, na ni bora kulikataa siku ya kwanza.

Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo hali ni nyingine kabisa. Katika magereza kama Kasapa ya Lubumbashi, mgao wa serikali umekuwa haba kiasi kwamba chakula cha familia ndicho kinachomfanya mtu aishi, na asiye na ndugu mjini hutegemea makanisa na mashirika. Huko sufuria ya nyumbani ni suala la uhai, na familia hupanga zamu za kupika kama zinavyopanga zamu za kumuuguza mgonjwa hospitalini.

Dawa ni mada ya peke yake. Mtu mwenye kisukari, shinikizo la damu, kifafa, kifua kikuu au anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI hapaswi kukosa dozi kwa sababu amefungwa. Ndugu wapeleke kadi ya kliniki (Tanzania wengi huiita kadi ya CTC) au cheti cha daktari kwenye zahanati ya gereza, wakabidhi dawa kwa mhudumu wa afya, wala wasizifiche kwenye nguo. Magereza yetu yana msongamano, na kifua kikuu hupenda msongamano. Ndugu anayekohoa wiki mbili mfululizo, anayekonda au kutoka jasho usiku, aombewe kupimwa, na ombi hilo liandikwe. Kunyamaza kusiko kwa kawaida, kukataa kuonana na wageni, kugawa vitu vyake au kusema kwamba nyumbani wataishi vizuri zaidi bila yeye ni dalili za kumwambia ofisa wa ustawi siku hiyo hiyo.

Watoto hudanganywa kwa nia njema. Huambiwa baba amesafiri, yuko Arabuni, yuko masomoni, kisha siku moja mwenzao shuleni huwaambia ukweli kwa kejeli, na tangu hapo hawamwamini tena aliyewadanganya. Mtoto wa miaka mitano anaweza kuelewa kwamba mama yuko mahali ambapo watu waliovunja sheria, au wanaodaiwa kuivunja, hukaa kwa muda; kwamba yuko hai, anakula, anampenda; na kwamba mtoto mwenyewe hakusababisha jambo hilo. Mkubwa zaidi anahitaji maelezo zaidi, kidogo kidogo, kadiri anavyouliza. Akipelekwa kuona, aelezwe mapema: kuna lango kubwa, askari atawapekua, baba atavaa sare, pengine hawatashikana mikono. Magereza kadhaa Kenya huandaa siku za familia ambapo wafungwa hukaa pamoja na watoto wao bila wavu, na nafasi hiyo isipotee. Mwalimu wa darasa naye aambiwe kwa siri, ili akiona mtoto amebadilika ajue sababu.

Wapo watoto walio ndani na mama zao. Sheria ya Kenya inaruhusu mtoto mdogo kukaa na mama yake gerezani mpaka afikishe miaka minne. Tanzania nayo huwapokea wachanga wanaonyonya. Mkenya Teresa Njoroge alifungwa katika gereza la wanawake la Lang'ata mwaka 2011 akiwa na binti yake mchanga. Baadaye akaanzisha Clean Start, shirika linalowasaidia wanawake waliopitia magereza. Tatizo kubwa kwa watoto hawa ni siku ya kutoka. Mtoto ambaye hajawahi kumwona bibi yake hupewa mkononi mwa bibi huyo, akitenganishwa na mtu pekee anayemjua. Familia ianze kumtembelea mapema, imzoeze sura na sauti zake, na ikubaliane na mama nani atamlea. Ikikosekana familia, ustawi wa jamii ndio huamua. Magereza ya wanawake ni machache na hivyo mara nyingi yako mbali, na wanawake huachwa na waume na wakwe upesi. Dada na mashoga zao ndio wanaobaki, na ndio wa kuungwa mkono kwa nauli.

Kazi nyingine ya nyumbani hufanyika mbele ya meza za serikali. Rufaa ina siku zake. Kenya, rufaa huwasilishwa ndani ya siku 14. Tanzania, kwa hukumu za mahakama ya wilaya na ya hakimu mkazi, notisi ya nia ya kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 na sababu za rufaa ndani ya siku 45, bila kuhesabu muda wa kusubiri nakala za mwenendo na hukumu. Mfungwa anaweza kuwasilisha kupitia kwa mkuu wa gereza, lakini nakala hizo hukaa masjala ya mahakama, na anayezifuatilia ni ndugu mwenye namba ya kesi na uvumilivu. Asiye na pesa ya wakili aulize msaada wa kisheria: Kenya ina sheria yake ya 2016, Tanzania ya 2017, na wasaidizi wa kisheria hufika magerezani. Uganda na Kenya, wafungwa wenyewe wamesoma sheria kupitia Chuo Kikuu cha London kwa msaada wa shirika la Justice Defenders, na huwaandikia wenzao rufaa. Anayetaka kusoma ndani, iwe mtihani wa sekondari au ufundi, huhitaji vyeti vyake vya zamani, ndugu wavitafute.

Hapa ndipo mawasiliano yanapozaa matunda ambayo wengi hawayatarajii. Kenya na Tanzania, mfungwa mwenye mwenendo mzuri hupunguziwa theluthi ya kifungo chake, isipokuwa wa maisha na baadhi ya makosa. Aliyepewa miaka 9 anaweza kutoka baada ya 6. Kenya tangu 1998 na Tanzania tangu 2002, adhabu isiyozidi miaka mitatu inaweza kutumikiwa kwa huduma kwa jamii. Tanzania ina parole chini ya sheria ya 1994, kwa wenye vifungo virefu waliokwisha kutumikia theluthi moja, makosa kadhaa mazito yakiondolewa. Katika njia kama hizi, ofisa huja kuuliza nyumbani: atakaa wapi? Atafanya kazi gani? Majirani wanasemaje? Nani atamsimamia? Nyumba iliyokata mawasiliano haina jibu. Nyumba iliyoandika, iliyotembelea, na iliyozungumza na mwenyekiti wa mtaa au chifu, ina jibu lenye ushahidi, na jibu hilo huingia kwenye ripoti.

Hata hukumu ya kifo si sababu ya kuacha. Wapo waliokwisha kufanyiwa matanga wakiwa hai, wake zao wakaolewa na ardhi zao zikagawanywa. Lakini Kenya haijamnyonga mtu tangu 1987. Mwaka 2009 Rais Mwai Kibaki alibadili hukumu za kifo za watu zaidi ya 4,000 kuwa kifungo cha maisha. Mwaka 2016 Rais Uhuru Kenyatta akawabadilishia wengine 2,747. Desemba 2017 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Muruatetu, ikaamua kwamba hukumu ya kifo ya lazima kwa mauaji inapingana na katiba, na waliohukumiwa hivyo wakaanza kurudishwa mahakamani kuhukumiwa upya. Waliosimama mbele ya jaji wakiwa na ndugu nyuma yao walikuwa na la kuonyesha.

Kuna nyumba ambamo aliyefungwa ndiye aliyeumiza: mume aliyempiga mke, baba aliyemharibu mtoto, kijana aliyemwua mjomba wake. Hapo hakuna anayewiwa ziara. Aliyeumizwa asisukumwe na wazee kwenda kusamehe kwenye wavu, na mtoto asipelekwe kumwona aliyemtendea ubaya. Kama kuna ndugu anayetaka kumtembelea, afanye hivyo bila kubeba ujumbe wa kuomba mashahidi wabadilishe maneno, jambo ambalo pia ni kosa la jinai. Ukoo unaweza kumlisha mkosaji na bado ukasimama na aliyekosewa, mradi usichanganye mambo hayo mawili.

Waswahili wengine wamefungwa mbali, hasa kwa dawa za kulevya. Hong Kong, padri John Wotherspoon, aliyekuwa akiwahudumia wafungwa huko, kuanzia 2013 alisambaza barua ambazo wafungwa, wakiwamo Watanzania, waliwaandikia watu wa kwao kuwaonya wasikubali kubeba dawa hizo. Kwa familia ya aliyeshikwa ugenini, mlango ni wizara ya mambo ya nje na ubalozi. Mkataba wa Vienna wa 1963 unampa aliyekamatwa nchi ya kigeni haki ya ubalozi wake kuarifiwa akiomba, na maofisa wa ubalozi wanaweza kumtembelea na kumsaidia kupata wakili. Hawawezi kumtoa. Barua, kiongozi wa dini wa gereza na Waswahili waishio mji huo ndio hujaza pengo la ziara.

Maandalizi ya kutoka huanza miezi kabla. Familia ihakikishe tarehe na gereza, itafute kitambulisho chake kilichopotea, na ikubaliane atalala wapi; kumrudisha kwenye chumba alichopewa mtu mwingine ni kumwanzishia ugomvi. Siku yenyewe, mtu mmoja anayemwamini amsubiri langoni na nguo na nauli. Sherehe kubwa iahirishwe. Kabla ya kuondoka adai vitu vyake vilivyoandikwa siku aliyoingia, akiba yake kama ipo, na barua ya zahanati inayoeleza dawa anazotumia, ili kliniki ya nyumbani iendelee nazo wiki hiyo hiyo. Wiki za kwanza anaweza kuamka usiku, kukaa kimya sokoni, kuogopa kuvuka barabara, au kuomba ruhusa ya kwenda chooni nyumbani kwake mwenyewe. Apewe muda na kazi ndogo yenye mwanzo na mwisho. Aliyetoka kwa parole au kwa amri ya mahakama ana masharti: kuripoti kwa ofisa siku zilizopangwa, kutohama bila kibali, na pengine kutofika mahali fulani. Akiyavunja anaweza kurudishwa kumalizia muda uliobaki, kwa hiyo anayempokea asome karatasi hiyo pamoja naye siku ya kwanza na aandike tarehe za kuripoti kwenye lile daftari la tangu kituoni.